Somo la Kiingereza: "Step down" si kushushwa



Ndugu wanafunzi, mwaka huu nimeombwa tena niandike ukurasa wa Kiingereza katika jarida letu. Nilitaka kuandika juu ya nyakati za vitenzi, lakini nimebadili nia. Mwezi uliopita niliwapa wanafunzi wa darasa la jioni sentensi moja fupi waitafsiri: "The chairman stepped down." Majibu niliyopata ni haya: mwenyekiti alikanyaga chini, mwenyekiti alianguka, mwenyekiti alishushwa, na mmoja akaandika mwenyekiti alishuka kwenye gari. Huyo wa mwisho hakukosea sana, na nitaeleza kwa nini. Hilo jibu la tatu, "alishushwa", ndilo lililonifanya nikae chini niandike makala hii, kwa sababu mimi mwenyewe nililitoa jibu hilo hilo nikiwa na umri wenu, na likamwumiza mtu.

Nianze na kisa hicho.

Nilikuwa kidato cha pili. Katika kijiji kimoja cha pwani, si hapa Kilangala, kulikuwa na kamati ya kisima. Wafadhili wa nje walikuwa wamechimba kisima cha pampu, na kila baada ya miezi kadhaa walikuwa wakileta barua kuuliza maendeleo. Mwenyekiti wa kamati alikuwa mzee mmoja mwenye heshima zake, mtu wa swala ya alfajiri msikitini kila siku. Macho yake yakaingia mtoto wa jicho. Akaona hawezi tena kusoma daftari la mahesabu, akawaambia wenzake, "Jamani, mimi napumzika, tafuteni mwingine." Mtu mmoja aliyekuwa mjini akawapasha habari wafadhili. Barua ikaja, na ndani yake mlikuwa na maneno haya:

"We understand that your chairman has stepped down. Please tell us who is taking over."

Mwalimu wa kijiji alikuwa likizo. Nikaitwa mimi, kijana wa sekondari, nisome mbele ya watu chini ya mwembe. Nikajua "step" ni hatua au kukanyaga, "down" ni chini, "take" ni kuchukua. Nikajumlisha kama mtu anayejumlisha hesabu. Nikasema kwa sauti: "Tumeelewa kwamba mwenyekiti wenu ameshushwa. Tafadhali mtuambie ni nani anayechukua."

Basi. Watu wakatazamana. Ameshushwa na nani? Kwa kosa gani? Na hao wafadhili wanauliza nani anachukua, anachukua nini kama si fedha za kisima? Kabla ya adhuhuri kijiji kizima kilikuwa kimeshajua kwamba mzee yule hakuacha uenyekiti kwa ajili ya macho, ameshushwa na Wazungu kwa sababu ya wizi. Ilichukua wiki tatu mpaka mwalimu aliporudi, akaisoma barua, akanishika sikio. Nilikwenda kwa mzee kuomba radhi. Alinisamehe, lakini aliniambia, "Mjukuu wangu, mimi nilivua kofia mwenyewe. Wewe umewaambia watu kwamba nimevuliwa." Wapo waliosikia tafsiri ya kwanza na hawakuisikia ya pili mpaka leo.

Sasa tuingie katika somo.

Kiingereza kina vitenzi ambavyo mimi huviita vitenzi vyenye mkia. Kitenzi chenyewe ni cha kawaida, kama "step", "take", "give", "hand". Halafu kinafuatwa na neno dogo, kama "down", "over", "up", "aside". Hilo neno dogo ndilo mkia. Mkia ukishaungana na kitenzi, viwili hivyo vinakuwa neno moja lenye maana mpya, na maana hiyo huwezi kuipata kwa kutazama kila kimoja peke yake. Tusiwacheke Waingereza. Na sisi tunasema "kula kiapo", na hakuna mtu anayetafuna kiapo. Tunasema "kupiga kura", na kura haipigwi kwa fimbo.

"Step down", tukizungumzia uongozi, maana yake ni kuacha cheo kwa hiari au walau kwa kauli yako mwenyewe. Mtu aliyekuwa juu ya kiti anateremka kwa miguu yake. Magazeti yetu husema kiongozi fulani "ameachia ngazi", na picha yake ni karibu ile ile. Ndiyo maana nikasema yule mwanafunzi wa gari hakukosea sana. "He stepped down from the bus" ni Kiingereza sahihi kabisa, na maana yake alishuka kwenye basi. Kinachotofautisha ni jambo linalozungumzwa. Ukisikia basi, ni basi. Ukisikia mwenyekiti, waziri, rais, imamu au kiranja, basi ni cheo.

Wanafunzi wa madrasa mna bahati ambayo wenzenu wengi hawana. Mlango wa neno hili mnao tayari katika Kiarabu. Mnaifahamu fiili "nazala", kushuka, ambayo katika asili yake mnapata "nuzuul". Itieni fiili hiyo katika wazani wa "tafaa'ala", mtapata "tanaazala". Ikifuatwa na "'an", maana yake ni kuacha haki au cheo kwa hiari, na masdari yake ni "tanaazul". Tazameni mambo yalivyolingana: kushuka katika Kiarabu, kushuka katika Kiingereza, na lugha zote mbili zinahitaji harfu ndogo ili maana itimie. Sijui kama Mwingereza aliwahi kukaa na Mwarabu wakapatana. Nadhani ni macho tu ya binadamu, maana kila mahali kiti cha mkubwa huwekwa juu.

Mfano mnaoujua katika tarehe ni Sayyidna Hasan bin Ali, radhi za Allah zimshukie yeye na baba yake. Mwaka wa 41 Hijria, sawa na 661 Miladia, aliuacha ukhalifa kwa Muawiya ili damu ya Waislamu isimwagike, na mwaka ule ukaitwa mwaka wa jamaa. Kwa Kiingereza tutasema: "Hasan stepped down in favour of Muawiya." Maneno "in favour of" hutumika pale mtu anapoacha cheo ili mtu fulani aliyetajwa akishike. Yakariri.

Ipo fiili nyingine inayofanana nayo kwa sikio, na hapa ndipo pa kuwa macho: "'azala", kwa herufi ya ain. Hii ni kumwondoa mtu. Kutokana nayo Kiswahili kimepata "kuuzulu", yaani kumwondoa mtu katika cheo, na "kujiuzulu", yaani mtu kujiondoa mwenyewe. Sayyidna Umar alimwondoa Khalid bin Walid katika ukuu wa jeshi la Sham, akamweka Abu Ubayda bin Jarrah, na Khalid akaendelea kupigana chini ya Abu Ubayda. Je, tunaweza kusema "Khalid stepped down"? Hapana. Khalid hakushuka, aliondolewa. Tutasema: "Umar removed Khalid, and Abu Ubayda took over." Nuni na ain zinatenganisha watu hawa wawili katika Kiarabu. Katika Kiingereza wanatenganishwa na kitenzi kizima, na katika Kiswahili changu cha kidato cha pili walitenganishwa na herufi chache tu, "ameshuka" na "ameshushwa", nami nikazikosea.

Kutokana na hayo tunapata kanuni ya kwanza ya sarufi, na ndiyo kubwa. "Step down" ya uongozi haichukui yambwa. Huwezi kusema "They stepped him down". Huwezi kusema "He was stepped down". Anayeshuka ndiye mtendaji, hakuna wa kumshusha. Ukitaka kusema walimshusha, tafuta kitenzi kingine: "They removed him", "They dismissed him", au kama ni kwa nguvu ya bunduki, "They overthrew him". Sultani Jamshid wa Zanzibar, tarehe 12 Januari 1964, "was overthrown". Ukiandika kwamba "stepped down" utakuwa umeandika tarehe ya nchi nyingine.

Wanafunzi wa fizikia watanipinga hapa, wataniambia kwamba umeme unaweza kuwa "stepped down". Ni kweli. Ile transfoma inayotundikwa kwenye nguzo kupunguza nguvu ya umeme kabla haujaingia majumbani huitwa "step-down transformer", na hapo unaweza kusema "The voltage is stepped down". Lakini umeme hauna hiari, na haujawahi kuchaguliwa mwenyekiti. Ya umeme tuiachie fizikia.

Kanuni ya pili inahusu maneno yanayofuata. Ukitaja cheo chenyewe kama jina la mtu, tumia "as": "step down as President". Ukitaja kiti au nafasi, tumia "from": "step down from the presidency", "step down from his post". Wengi wenu huona jambo hili ni dogo. Nitawaonyesha kwamba si dogo, kwa kumtumia mtu mmoja tu, Mwalimu Julius Nyerere.

Nchi ya Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, Nyerere akiwa Waziri Mkuu. Januari 1962, wiki chache tu baadaye, aliacha cheo hicho ili akaimarishe chama cha TANU. Rashidi Kawawa akashika nafasi yake. "In January 1962 Nyerere stepped down as Prime Minister, and Kawawa took over." Desemba 1962 Tanganyika ikawa jamhuri, Nyerere akawa Rais. Akaongoza mpaka tarehe 5 Novemba 1985, alipokabidhi urais kwa Ali Hassan Mwinyi. "In 1985 Nyerere stepped down as President." Mwanafunzi akisoma sentensi hii bila kuangalia "as President" atadhani kwamba tangu siku hiyo Nyerere hakuwa na cheo. Kumbe aliendelea kuwa mwenyekiti wa Chama cha Mapinduzi kwa karibu miaka mitano zaidi, na uenyekiti wenyewe aliuacha mwaka 1990. "In 1990 he stepped down as chairman of the party." Mtu mmoja alishuka mara tatu, katika viti vitatu, na kila mara ni "as" inayotuambia ni kiti gani. Iondoe hiyo "as" na kinachofuata, utakuwa umemtoa Mwalimu katika siasa miaka mitano kabla ya wakati.

Na ni Mwalimu huyo huyo aliyetupa tafsiri iliyo bora kuliko zote. Alipokuwa akijiandaa kuondoka alitumia neno "kung'atuka", lenye asili ya Kizanaki, lugha ya kwao Butiama. Neno likaingia katika Kiswahili na sasa liko katika kamusi. Kwa maoni yangu, kung'atuka ndiyo "step down" hasa, kwa sababu ndani yake mna heshima na hiari. Kujiuzulu ni kwa karatasi zaidi, mtu anaandika barua, na mara nyingi nyuma yake kuna jambo limeharibika. Hilo Waingereza huliita "resign". Kustaafu ni kwa umri au kwa muda kwisha, nao huita "retire". Kustaafu nako tumekutoa katika Kiarabu "ista'fa", ambako asili yake ni mtu kuomba asamehewe kazi, lakini sisi tumekipeleka kwenye pensheni. Maneno nayo husafiri kama watu.

Mtaniuliza, je, mtu akiacha kazi kwa sababu ya jambo lililoharibika hatuwezi kusema "step down"? Tunaweza. "Step down" ni pana kuliko "resign". Mzee Mwinyi, Mwenyezi Mungu amrehemu, miaka ya 1970 alikuwa Waziri wa Mambo ya Ndani. Watu walikufa mikononi mwa vyombo vya dola huko Shinyanga. Yeye hakumgusa mtu, lakini wizara ilikuwa yake, akaacha uwaziri. Edward Lowassa aliacha uwaziri mkuu Februari 2008 baada ya taarifa ya kamati ya Bunge juu ya mkataba wa umeme wa Richmond, na Mizengo Pinda akachukua nafasi. Kote kuwili unaweza kuandika "resigned", unaweza kuandika "stepped down". La kwanza linakupa barua, la pili linakupa kiti kilichobaki wazi.

Magumu yapo pale hiari inapokuwa ya nusu. Mtu ameshuka kwa miguu yake, ndiyo, lakini kuna waliosimama nyuma yake wakimsukuma. Januari 1984 Aboud Jumbe aliacha urais wa Zanzibar katika kikao cha chama kilichofanyika Dodoma. Februari 2011 Husni Mubarak wa Misri aliondoka baada ya watu kujaa barabarani siku kumi na nane. Novemba 2017 Robert Mugabe wa Zimbabwe aliandika barua ya kuacha urais huku jeshi likiwa limeshatoka kambini. Waingereza wana dawa ya hali hiyo: "was forced to step down". Bado ni yeye anayeshuka, lakini amelazimishwa. Ukisoma gazeti la Kiingereza, tazama kama "forced to" ipo. Wakati mwingine mwandishi huiacha kwa adabu au kwa woga, na msomaji anabaki kudhani mambo yalikuwa mepesi.

Pembeni ya "step down" kuna ndugu yake, "step aside". Huyu hashuki, anakaa kando. Mara nyingi hukaa kando kwa muda ili uchunguzi ufanyike bila yeye kuwapo. Majirani zetu wa Kenya wamelizoea sana neno hili. Oktoba 2010 Moses Wetangula alikaa kando kama Waziri wa Mambo ya Nje kwa sababu ya tuhuma juu ya ununuzi wa ardhi ya ubalozi Tokyo, na mwaka uliofuata akarudi wizarani. "He stepped aside" inaacha mlango wa kurudi. "He stepped down" inaufunga, ingawa katika siasa milango hufunguliwa hata ikiwa na kufuli.

Nusu ya pili ya barua yangu ya kisima ilikuwa "take over". Nitapita hapa haraka, maana mifano mmeshaiona juu. Maana yake ni kushika nafasi au kazi iliyokuwa ya mwingine. Ukimtaja aliyetangulia, weka "from": "Mwinyi took over from Jumbe in 1984", kisha "Mwinyi took over from Nyerere in 1985". Mzee huyo alipokea viti viwili katika muda wa miaka miwili. Anayeondoka naye "hands over", yaani anakabidhi: "Mwinyi handed over to Mkapa in November 1995", na Mkapa alikuwa jirani yetu wa Lupaso, Masasi. Ukitumia "it", iweke katikati: "take it over", "hand it over". Usiseme "take over it".

Lakini mchunge "take over" bila "from". Hapo huweza kuwa kuteka. "In 1505 the Portuguese took over Kilwa." Hakuna aliyewakabidhi. Francisco de Almeida alifika na merikebu zake mwezi wa Julai, wakauteka mji, wakajenga ngome, wakamweka mtawala waliyemtaka wao, Muhammad Ankoni, na mwaka 1512 wakaondoka. Vivyo hivyo Idi Amin kule Uganda, Januari 1971: "The army took over." Ndiyo maana "who is taking over" katika ile barua ilikuwa inauliza tu nani anashika uenyekiti, nami nikaifanya iwe inauliza nani anachukua fedha.

Jambo la mwisho ni mauti. Rais John Magufuli alifariki tarehe 17 Machi 2021, na tarehe 19 Machi Samia Suluhu Hassan akaapishwa. Samia "took over", sawa. Lakini Magufuli hakufanya "step down", maana aliyekufa hakushuka mwenyewe. Kiingereza chake ni "died in office". Nimeshaona daftari la mwanafunzi mzuri tu likiwa na kosa hilo.

ZOEZI

Andika majibu kwa kalamu ya wino, si ya risasi, na sentensi kamili.

1. Tafsiri kwa Kiswahili: "Mandela stepped down in 1999 after one term, and Mbeki took over."

2. Sahihisha: "The head prefect was stepped down because he came late." Eleza kwa nini uliloandika ni sahihi.

3. Tafsiri kwa Kiingereza: Nahodha alimwachia mwanawe usukani kwa sababu macho yake yalikuwa mabovu. Fikiri kabla ya kuandika, je, hapa utatumia "step down", "hand over", au vyote viwili?

4. Tunga sentensi mbili juu ya Nyerere, moja yenye "step down as" na nyingine yenye "step down from".

5. Iandike upya tafsiri ya ile barua ya kisima, kama ilivyopaswa kusomwa chini ya mwembe.

Majibu ya swali la tano nitayasoma mwenyewe, daftari moja moja, Alhamisi baada ya swala ya alasiri. Njooni na daftari zenu.